Daraja la Clifton linaonekana limeinama katika picha zangu: kosa ni la kamera, la mahali niliposimama au la daraja lenyewe?

#1 Mwanga_wa_Kasarani

Salamu wanajukwaa. Naomba msaada wa macho yenu kabla sijatumia pesa zaidi.

Mwezi uliopita nilikuwa Bristol, Uingereza, kwa harusi ya binamu yangu, na baada ya harusi nikapata siku nne za kulizunguka Daraja la Kuning'inia la Clifton, ambalo mhandisi Brunel alilijenga na kulifungua mwaka 1864 juu ya korongo la Mto Avon. Nililipiga picha kutoka kila mahali miguu iliponifikisha: juu ya kilima chenye mnara wa Observatory, kando ya barabara ya Sion Hill, chini kabisa kwenye barabara ya Portway inayopita kati ya mto na jabali, ng'ambo ya mto kwenye njia ya watembea kwa miguu, na mbali upande wa kusini karibu na Cumberland Basin, ambako daraja zima linaonekana limetundikwa hewani kati ya magenge mawili.

Nimerudi Nairobi, nikachagua picha saba, nikazichapisha kwa ukubwa na kuzipeleka kwa fundi wa fremu pale Ngara. Juzi jioni fundi alitundika ile kubwa kuliko zote, iliyopigwa kutoka Cumberland Basin. Akaweka pima maji juu ya fremu, povu likasimama katikati kabisa. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa, akaniambia, "Fremu imenyooka, mzee, lakini daraja lako linamwagika upande wa kushoto." Tangu hapo siwezi kuiona picha hiyo vinginevyo. Nimezipitia nyingine na ile ya kutoka kilimani pia inamwagika, safari hii upande wa kulia, ambako ndiko upande wa Leigh Woods, yaani ng'ambo ya mto kutoka Clifton, ulipo ukisimama huko juu. Kwa maneno mengine, nikisimama kaskazini au kusini mwa daraja, upande unaoshuka ni ule ule mmoja.

Zile nyaya zake kubwa nazo zinaonekana zimelegea zaidi upande huo. Je, ni kamera, ni mimi, au ni daraja?

#2 Msomaji_Kimya

Nimeziangalia picha zote kwenye kompyuta, si kwenye simu. Fundi wa Ngara ana jicho. Hata mimi naliona.

#3 Lenzi_Ndefu

Karibu nyumbani, kaka. Mimi napiga picha za wanyama, si za madaraja, lakini tatizo hili nalijua. Ndani ya korongo hakuna upeo wa macho. Ukiwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nairobi una nyika mbele yako na mstari wa mbali ambapo ardhi inakutana na mbingu, kwa hiyo ukiinamisha kamera kidogo tu jicho linakushtaki papo hapo. Pale Clifton una magenge yanayoteremka kila upande kwa namna yake, mto unaopinda, na miti inayofuata mteremko. Hakuna hata kitu kimoja kinachokuambia ulalo ni upi. Mkono ukikosea nyuzi mbili hutajua mpaka fundi wa fremu akuambie.

Jibu langu ni fupi: kamera iliinama. Swali langu kwako ni kama ulitumia tripodi au mkono.

#4 Karani_wa_Historia

Kabla hatujaenda mbali, naomba kurekebisha mambo mawili katika chapisho la 1, kwa sababu daraja hili linastahili kuelezwa sawasawa.

La kwanza, Isambard Kingdom Brunel hakulifungua. Alifariki mwaka 1859, na daraja lilifunguliwa tarehe 8 Desemba 1864, miaka mitano baadaye. Kazi ilianza mwaka 1831, ghasia zikazuka Bristol mwaka huo huo, fedha zikayumba, na kufikia mwaka 1843 palikuwa na minara miwili iliyosimama bila daraja kati yake. Walioimaliza kazi ni William Henry Barlow na John Hawkshaw, wakitaka liwe kumbukumbu ya mwenzao.

La pili, daraja hilo halina nyaya. Lina minyororo. Ni vipande virefu bapa vya chuma cha kufua vilivyounganishwa kwa pini, safu tatu za minyororo kila upande wa barabara. Minyororo ya awali iliuzwa, na iliyopo ilitoka kwenye daraja jingine la Brunel, lile la Hungerford mjini London, lililobomolewa mwaka 1860 ili kupisha daraja la reli. Kwa hiyo unapolipiga picha unapiga pia mabaki ya daraja lililokufa. Mimi naona jambo hilo lina uzito kuliko umbo lenyewe.

#5 Mwanga_wa_Kasarani

Asante, Karani. Nimekosea na nimekubali, ingawa chapisho la kwanza nitaliacha kama lilivyo ili uzi usomeke.

Lenzi_Ndefu, ile ya Cumberland Basin nilitumia tripodi yenye pima maji yake ndogo, lenzi ya milimita 200. Ile ya kilimani nilipiga kwa mkono kwa sababu kulikuwa na upepo na watu wengi.

#6 Mwalimu_Ngong

Nafundisha fizikia, na ningependa tuanze na kanuni kabla ya kulaumu mkono wa mtu.

Simama chini ya Nairobi Expressway pale Barabara ya Mombasa, uitazame kingo yake ikielekea mbali. Utaona inashuka, inashuka, mpaka inakaribia usawa wa macho yako. Barabara yenyewe haijashuka. Kila kitu kilicho juu ya macho yako kikienda mbali huonekana kikishuka kuelekea upeo wa macho. Sasa panda kivuko cha watembea kwa miguu cha Barabara ya Thika, uitazame barabara iliyo chini yako ikienda Kasarani. Hiyo itapanda. Kilicho chini ya macho kikienda mbali hupanda.

Ukiwa Cumberland Basin uko karibu na usawa wa mto, na sakafu ya daraja iko mita 75 juu ya maji yaliyojaa. Iwapo ulikuwa karibu na upande wa Clifton hata kidogo kuliko upande wa Leigh Woods, basi mwisho wa mbali wa daraja, yaani Leigh Woods, lazima ushuke katika picha. Kamera inaweza kuwa imelala sawa kabisa na bado daraja likainama, kwa sababu hukusimama mbele yake uso kwa uso.

Lakini hapo ndipo picha yako ya kilimani inaponisumbua. Kule uko juu ya sakafu ya daraja. Mwisho wa mbali, ambao ni Leigh Woods tena, ungepaswa kupanda. Wewe unasema unashuka. Kanuni haivunjiki, kwa hiyo kuna kitu ambacho hujatuambia.

#7 Chuma_na_Zege

Habari za jioni. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na nasikitika kwamba hadi chapisho la 6 hakuna aliyesema jambo lililo wazi: daraja hilo halijalala sawa. Mwisho wa Clifton uko juu ya mwisho wa Leigh Woods kwa karibu futi 3. Linaloinama ni daraja lenyewe, na ndugu yetu amelipiga kama lilivyo.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba Brunel alijua jicho litadanganywa na genge refu la upande wa Clifton, na kwamba daraja lililolala sawa kabisa lingeonekana limeinama. Mimi sihitaji sababu ya jicho. Mtu anayejenga barabara juu ya mto katika nchi ya mvua huipa mteremko ili maji yatiririke, na huifuata ardhi inavyompokea pande zote mbili.

#8 Msomaji_Kimya

Futi 3 katika urefu gani?

#9 Chuma_na_Zege

Kati ya mnara na mnara ni futi 702, sawa na mita 214.

#10 Mwalimu_Ngong

Basi tufanye hesabu, Mhandisi, kwa heshima zote. Futi 3 ni kama sentimita 91. Gawanya kwa mita 214 upate mteremko wa takriban 4 kwa 1,000, yaani chini ya robo ya nyuzi moja. Mwenye uzi, tafadhali fungua picha ya Cumberland Basin kwenye programu ya kuhariri, upime pikseli kutoka mguu wa mnara mmoja hadi mguu wa mnara wa pili kwa ulalo na kwa wima, kisha utuletee namba mbili.

#11 Mwanga_wa_Kasarani

Nimepima mara tatu. Kwa ulalo ni pikseli 4,500 hivi. Kwa wima, upande wa Leigh Woods uko chini kwa pikseli kama 140.

#12 Mwalimu_Ngong

Mteremko halisi wa daraja unaweza kueleza pikseli 19 kati ya hizo 140. Zilizobaki ni 121, na zinatafuta mwenyewe.

#13 Chuma_na_Zege

Hesabu yako naikubali, Mwalimu. Lakini usizidharau hizo 19. Ukizifuta ili daraja lilale sawa ukutani, utakuwa umebadilisha kazi ya mtu aliyefanya hivyo kwa makusudi.

#14 Dada_Nesi

Jamani, nimeuona uzi huu nikiwa natoka zamu ya usiku, na nimeshindwa kulala.

Niliishi Bristol miaka mitatu nikisoma uuguzi, na nilikuwa nikivuka daraja hilo kwa miguu karibu kila Jumapili, maana mwenye miguu halipi. Kinacholipiwa ni gari. Naomba niwaeleze linavyokuwa ukiwa juu yake, kwa sababu picha zote mnazozijadili zimepigwa kutoka pembeni.

Ukiingia kwenye mnara wa Clifton, minyororo iko juu mno, inaingia kwenye mawe mahali usipoweza kupaona vizuri, na vile vyuma vyembamba vinavyoning'inia kutoka kwenye minyororo kuja kushika barabara ni virefu kama nyumba ya ghorofa. Ukitembea, vinafupika. Chuma baada ya chuma, vinafupika. Ukifika katikati, mnyororo umekuja chini mpaka uko kando yako kabisa, chuma cha kuning'inia hakifiki hata mita moja, na unaona kichwa cha pini kikiwa kinene kuliko ngumi, kimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka hadi kingo zake zimekuwa za mviringo. Basi dogo likipita unahisi mtetemo kwenye nyayo. Kisha mnyororo unaanza kukuacha tena, unapanda kwenda Leigh Woods.

Mara zote hizo, sikuwahi hata siku moja kuhisi kwamba nateremka nikienda Leigh Woods au napanda nikirudi. Kama mteremko upo, mguu hauujui.

Kuhusu mahali pa kupiga picha, Kaka wa Kasarani, nimeona hukuingia kwenye Observatory yenyewe. Ungeingia ungeona kitu ambacho mpiga picha yeyote angesafiri maili nyingi kukiona. Juu ya mnara ule, uliokuwa kinu cha zamani, kuna chumba chenye giza, chenye lenzi na kioo darini, vinavyoangusha sura ya daraja juu ya meza nyeupe iliyobonyea kama sinia. Msanii aitwaye William West ndiye aliyekiweka, mwishoni mwa miaka ya 1820, kabla hata jiwe la msingi la daraja halijawekwa. Nilisimama pale nikaona magari madogo kama punje za mchele yakivuka kiganja changu. Chini kuna njia iliyochimbwa ndani ya mwamba hadi kwenye pango lililoko usoni mwa genge, na kutoka hapo unalitazama daraja kwa pembeni, ukiwa hewani, na mto chini yako.

#15 Binti_Mvita

Dada_Nesi, umenipeleka na kunirudisha. Asante.

Mimi ni mtu wa Mombasa ninayeishi South B, na nina swali ambalo watu wa bara hamlioni: maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa? Picha ya kutoka Portway ina tope tupu kingo zote mbili, na mto umebaki kama mfereji. Picha ya kutoka ng'ambo imejaa maji hadi kwenye nyasi. Ukizitazama bila kujua, utadhani ni mito miwili. Kwetu Mombasa, wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya bahari, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 4 hivi. Mto Avon unaletewa maji na mlango wa Mto Severn, ambako tofauti ya kujaa na kupwa ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani, zaidi ya mita 12 wakati wa bamvua. Kwa hiyo zile mita 75 alizozitaja Mwalimu ni za maji yaliyojaa tu. Yakishakupwa, daraja lile lile limepanda juu kwa kimo cha nyumba ya ghorofa nne.

Nasema hivi kwa sababu Lenzi_Ndefu alisema hakuna ulalo ndani ya korongo. Upo. Maji yakikupwa huacha mstari wa tope kwenye ukingo, na mstari huo umechorwa na bahari yenyewe. Hakuna pima maji inayoushinda. Nyosha picha kwa mstari huo.

#16 Mwalimu_Ngong

Binti_Mvita, wazo ni zuri sana na nusu yake ni sahihi. Mstari wa tope ni ulalo wa kweli duniani, lakini ndani ya picha nao unafuata kanuni ile ile ya chapisho la 6. Ukingo wa mto unaokwenda mbali nawe utapanda kwenye picha ukiwa umesimama juu yake. Ungekuwa na manufaa endapo ungekatiza mbele yako moja kwa moja, na katika korongo lile kingo zinakwenda mbali, hazikatizi.

#17 Binti_Mvita

Nimekuelewa, Mwalimu, na mstari wangu naurudisha baharini. Swali la maji kujaa na kupwa bado nalishikilia. Daraja lililo juu ya tope na daraja lililo juu ya maji yaliyojaa hayawezi kuonekana na uzito mmoja, na jicho linalokadiria uzito ndilo hilo hilo linalokadiria ulalo.

#18 Mjenzi_Umoja

Wakubwa, mimi ni fundi wa mawe, nimejenga Umoja, Komarock na Ruai kwa miaka ishirini na moja. Nimesoma uzi mzima mara mbili. Wote mnatafuta ulalo. Fundi akikosa ulalo hutafuta wima. Pima maji ikipotea, unafunga jiwe kwenye uzi, unaliacha lining'inie, na hapo huna wa kubishana naye.

Dada_Nesi ametuambia kuna vyuma vinavyoning'inia kutoka kwenye mnyororo. Hizo ni timazi. Ni vingapi?

#19 Karani_wa_Historia

Ni 81 kila upande, jumla 162.

#20 Mjenzi_Umoja

Timazi 162! Ndugu yetu ana picha yenye timazi 162 ndani yake na analia kwamba hajui ipi ni wima. Chukua vyuma vilivyo karibu na katikati ya picha, si vya pembeni, kwa sababu ukiwa umeinua kamera vya pembeni vitaegemea ndani. Vilivyo katikati vikisimama wima, kamera ilikuwa sawa. Kama daraja bado linainama, basi mshitakiwa si kamera.

Na swali moja zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Ile picha ya kilimani, uliponyosha kwenye kompyuta, ulinyosha kwa kutumia nini?

#21 Mwanga_wa_Kasarani

Nilitumia ukingo wa kulia wa mnara wa Clifton, kwa sababu ndio mstari mrefu na ulio wazi kuliko yote katika picha hiyo. Niliamini ukuta wa jiwe lazima uwe wima.

#22 Mjenzi_Umoja

Nilijua. Minara ile si ya wima kingo zake. Ni minene chini na myembamba juu, inaegemea ndani pande zote. Nimeitazama katika picha zako zote saba, na hakuna hata moja yenye ukingo ulionyooka. Ukingo wa kulia unaegemea kushoto kadiri unavyopanda. Ulipoulazimisha usimame wima, uliizungusha picha nzima kuelekea kulia, na daraja likashuka upande wa Leigh Woods. Hicho ndicho kitu ambacho Mwalimu alisema hujatuambia katika chapisho la 6.

#23 Mwalimu_Ngong

Mjenzi, heshima yako. Nilijua kuna kitu kimefichika, sikujua ni ukuta.

#24 Karani_wa_Historia

Naongezea kwa faida ya anayesoma. Umbo hilo la kupungua kuelekea juu linatokana na mtindo wa Misri ya kale, ambao Brunel aliupenda kwa daraja hili, na mchoro wake ulikuwa na sanamu za sfinksi juu ya minara. Sanamu hazikuwekwa kamwe. Minara ilibaki jiwe tupu, na kwa maoni yangu ilipata bahati, kwa sababu leo jua la jioni linapolipiga jiwe lile kila mchongo unaonekana.

Tena minara yenyewe si mapacha. Wa Clifton una matundu pembeni, wa Leigh Woods una tao lililochongoka zaidi, na huo wa Leigh Woods umesimamishwa juu ya msingi mkubwa wa mawe mekundu wenye kimo cha zaidi ya mita 30, uliojengwa ili kufupisha pengo, wakati wa Clifton umekaa juu ya jabali moja kwa moja. Thomas Telford, mhandisi aliyeitwa kuwa mwamuzi wa shindano la michoro ya daraja mwaka 1829, aliona pengo hilo ni refu mno, akakataa michoro yote na kupendekeza wake mwenyewe, wenye minara inayoanzia chini kabisa ya korongo. Ungejengwa huo, picha ya kutoka Portway ingekuwa picha ya nguzo.

#25 Lenzi_Ndefu

Chapisho la 24 limenipa maelezo mengine kabisa, na sasa naiacha hoja yangu ya mkono. Upande mmoja wa picha una jabali lenye majani na nyufa. Upande mwingine una ukuta mwekundu mzito, uliochongwa na binadamu. Jicho linaona uzito kulia au kushoto, na upande mzito unasomwa kuwa unashuka. Tunafanya hivyo hivyo hifadhini: twiga akisimama kushoto mwa fremu, na majengo ya mjini yako nyuma kulia, watu huniambia majengo yameinama, ilhali nimeyapima yakiwa wima.

#26 Karani_wa_Historia

Na uzito wenyewe ni wa sura tu. Kwa zaidi ya karne moja watu waliamini msingi ule wa Leigh Woods ni jiwe tupu hadi ndani. Mwaka 2002 ndipo iligunduliwa kwamba una vyumba 12 vyenye dari za tao, vitupu, virefu kama makanisa madogo.

#27 Chuma_na_Zege

Lenzi_Ndefu, hoja ya uzito ni ya macho, na pikseli 140 si za macho. Zimepimwa. Picha haina hisia za upande mzito.

#28 Lenzi_Ndefu

Ni kweli, Mhandisi, ila fundi wa Ngara hakupima pikseli. Alirudi nyuma hatua tatu akatazama. Atakayeitazama ukutani atafanya vivyo hivyo.

#29 Dada_Nesi

Niongeze jambo la mwanga, kwa kuwa naona picha ya kilimani imekuwa nyeusi nyeusi na bado hakuna aliyeitaja. Sisi wa Nairobi tumezoea jua la adhuhuri lililo karibu na utosi, Juni likisogea kaskazini kidogo na Desemba kusini kidogo, na hatujali tumesimama upande gani wa jengo. Bristol iko nyuzi 51 kaskazini. Jua la adhuhuri liko kusini siku zote, na Desemba halipandi hata nyuzi 16. Kilima cha Observatory kiko kaskazini mwa daraja, kwa hiyo mchana unalitazama daraja na jua likiwa mbele yako. Linakuwa kivuli. Ukitaka rangi za jiwe na minyororo kutoka kilimani, nenda Juni, alfajiri au baada ya saa mbili usiku, maana jua la Juni halizami kabla ya saa tatu na dakika ishirini hivi. Mchana shuka Cumberland Basin, jua liwe mgongoni.

#30 Msomaji_Kimya

Saa mbili usiku na jua lipo. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili.

#31 Mwanga_wa_Kasarani

Nimeketi na picha hizi tangu saa kumi jioni, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ile ya kilimani nimeirudisha kwenye faili ya awali na kuinyosha upya kwa kutumia vyuma vitano vya katikati, kama alivyoniagiza Mjenzi_Umoja. Daraja limegeuka. Upande wa Leigh Woods sasa unapanda, kama Mwalimu alivyotabiri, na hata mke wangu, ambaye hakuwa akijua tunabishana nini, alipita nyuma ya kiti akasema sasa linapumua.

Ile kubwa ya Cumberland Basin imenishinda. Vyuma vya katikati viko wima tayari, pima maji ya tripodi haikudanganya, na bado pikseli 140 ziko pale pale. Nimefungua ramani na kuchora mstari kutoka niliposimama. Kwa ramani hiyo, minara yote miwili ilikuwa umbali unaokaribiana sana nami. Sioni tofauti ya kutosha kuzimaliza zile 121.

#32 Mwalimu_Ngong

Ramani ya simu inaweza kukosea mahali uliposimama kwa mita nyingi, hasa kando ya magenge. Mimi nabaki na hoja yangu: ulikuwa karibu na Clifton kuliko unavyodhani.

#33 Chuma_na_Zege

Nami nabaki na yangu, na naongeza kwamba miguu ya minara uliyoipima si kitu kimoja pande zote mbili. Upande mmoja umepima mahali mnara unapokutana na msingi mwekundu, upande mwingine mahali unapokutana na jabali. Pima sakafu ya barabara, si miguu ya minara.

#34 Mjenzi_Umoja

Hilo la Mhandisi ni la kweli kabisa. Usipime chini ya ukuta usiojua umeanzia wapi.

#35 Binti_Mvita

Na mimi bado sijajibiwa kuhusu maji. Picha ya Cumberland Basin ilipigwa saa ngapi?

#36 Dada_Nesi

Kuna jambo linanisumbua. Nimefungua sanduku langu la zamani, nikapata picha moja ya filamu niliyopigiwa na rafiki nikiwa nimesimama Sion Hill, daraja nyuma yangu, kushoto mnara wa Leigh Woods. Haikuwahi kupita kwenye kompyuta, haikuwahi kunyoshwa. Nimeweka rula juu yake. Daraja linashuka upande wa Clifton.

#37 Chuma_na_Zege

Upande wa Clifton? Haiwezekani, labda rafiki yako aliinamisha kamera.

#38 Mwalimu_Ngong

Inawezekana vizuri sana, Mhandisi, ikiwa alipiga kutoka juu kidogo ya usawa wa barabara. Dada, unaweza kuona sakafu ya daraja kwa juu, au unaona tumbo lake?

#39 Dada_Nesi

Picha ni ndogo, ya ukubwa wa kiganja, na hapo ndipo kichwa changu kilipo. Kichwa kimefunika katikati ya daraja. Kwa pembeni nahisi naona tumbo, lakini sina uhakika.

#40 Mwanga_wa_Kasarani

Dada, tafadhali usiichanganue kwa simu, itapoteza kingo. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa Ngara kwa fundi wa fremu kuichukua ile ya kilimani iliyochapishwa upya. Ukiweza kuja nayo, tutaiweka mezani kando ya yangu, na fundi ana kioo cha kukuzia. Binti_Mvita, picha ilipigwa saa tisa na dakika kumi alasiri. Tarehe nakutumia, ukaitafute kwenye jedwali la maji.

#41 Dada_Nesi

Nitakuja nikitoka zamu.

#42 Mjenzi_Umoja

Niko kazini Pangani Jumamosi, si mbali. Nitapita na timazi yangu.